Nusu ya Antena Iko Ardhini

Kila robo mwaka Ofisi ya Miradi hupokea maombi mbalimbali kutoka sharikani na kwenye vituo vya huduma. Katika maombi ya vifaa vya mawasiliano kuna sentensi ambayo sasa tumeizoea: "Tunaomba redio yenye nguvu zaidi, kwa kuwa iliyopo haisikiki." Mara nyingi maombi hayo huambatanishwa na profoma ya redio mpya, betri kubwa na paneli za jua. Ni mara chache sana kuona humo kifungu cha waya wa kutandaza ardhini.

Lengo la makala hii ni kueleza kwa nini redio ya wati 100 inaweza kusikika vizuri ikiwa Bahi, na redio hiyohiyo isisikike ikiwa juu ya mwamba. Tunaandika kwa ajili ya kamati za sharika zinazopanga, na kwa ajili ya wahisani wanaochangia, kwa sababu pande zote mbili zimewahi kutumia fedha mahali pasipo na tatizo. Mwandishi pia amewahi kufanya hivyo.

Zahanati juu ya mwamba

Mwaka 2004, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilishiriki kufunga simu ya upepo katika zahanati moja ya vijijini. Zahanati ilijengwa juu ya kilima cha mawe, kama ilivyo desturi yetu ya kupeleka majengo mahali panapoonekana. Antena ilikuwa bomba la wima lililosimamishwa kando ya jengo. Fundi alipigilia nondo ya ethi, ikagonga mwamba kabla ya kufika nusu mita. Akaikata iliyobaki, akafunga waya, akapima kwa mita yake na kusema kila kitu kiko sawa.

Hospitali ilikuwa umbali wa kilomita 35 hivi. Tuliwasikia vizuri sana. Wao hawakutusikia, au walisikia mtu anaongea bila kuelewa neno. Niliandika andiko la mradi kuomba redio ya wati 400. Ilipatikana mwaka uliofuata, na kwa kweli ilisikika vizuri zaidi. Lakini redio hiyo ilikula betri ambazo paneli zilizokuwepo hazikuweza kuzijaza, na katika bajeti yangu sikuwa nimeongeza paneli.

Usiku mmoja wa mwaka 2006 mama mjamzito alifikishwa pale akiwa na uchungu pingamizi. Betri zilikuwa zimeisha. Kijana alitumwa kwa baiskeli, na gari la hospitali lilifika kesho yake kabla ya saa sita mchana. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Wiki kadhaa baadaye nilimpeleka pale mzee mmoja, fundi mstaafu wa mitambo ya simu. Hakuigusa redio. Alizunguka bomba la antena, akatazama ile nondo fupi, akauliza, "Mwanangu, antena hii nusu yake nyingine iko wapi?" Sikuelewa swali lake. Makala hii ni jibu nililolipata baadaye.

Umeme lazima urudi

Kila mtu anajua kwamba balbu ya tochi haiwaki kwa waya mmoja. Umeme hutoka upande mmoja wa betri na lazima urudi upande wa pili. Redio nayo iko hivyo. Kebo inayotoka kwenye redio ina njia mbili: moja huenda kwenye bomba la wima, na nyingine hufungwa kwenye ardhi. Umeme unaopanda kwenye bomba hurusha mawimbi, na wakati huohuo umeme wa kiasi hichohicho lazima upite kwenye udongo unaolizunguka bomba ili mzunguko ukamilike.

Jambo hili liligunduliwa mapema. Guglielmo Marconi, alipokuwa akifanya majaribio nyumbani kwao karibu na Bologna, Italia, mwaka 1895, aliona kwamba mawimbi yalifika mbali zaidi alipoinua waya mmoja hewani na kufukia upande wa pili ardhini. Tangu siku hizo ardhi imekuwa sehemu ya antena. Udongo mnaoukanyaga mkipita kando ya bomba hilo ni nusu ya chombo chenyewe.

Tofauti ni kwamba bomba ni chuma au aluminiamu, ambavyo hupitisha umeme kwa urahisi. Udongo hupitisha kwa shida, na kila umeme unapopita kwa shida huacha joto njiani. Hilo ndilo tunaloliita upotevu. Ni kama kuchota maji kwa ndoo yenye tundu: mchotaji anafanya kazi yote, lakini maji yanayofika nyumbani ni machache.

Udongo wetu ukoje?

Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri karibu mara 5,000 kuliko ardhi kavu yenye mawe. Shamba lenye udongo mzito na unyevu liko katikati. Ndiyo maana vituo vya redio vya pwani na vya melini vimehudumiwa vizuri sana na antena za wima kwa zaidi ya miaka 100, wakati sisi wa nyanda za kati tunahangaika.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Dodoma imekaa juu ya miamba ya matale, ile tunayoiona imechomoza katika vilima vya mji na vijiji vyetu. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hazizidi milimita 600 kwa mwaka katika maeneo mengi. Miezi iliyobaki udongo wa juu hukauka kabisa. Wazee wa Kongwa wanajua habari za mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951: mojawapo ya mambo yaliyoushinda ni udongo ambao wakati wa kiangazi uliganda kama saruji na kula majembe ya matrekta. Udongo huohuo ndio tunaoutegemea urudishe umeme wa redio zetu.

Hata hivyo si ardhi yote ni sawa. Bonde la Bahi lina udongo wa mbuga wenye unyevu na chumvichumvi. Pembezoni mwa mabwawa, na kwenye mabonde ya udongo mweusi, hali ni nafuu kuliko juu ya vilima. Hivyo basi, vituo viwili vyenye redio za aina moja vinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya mahali viliposimama.

Hesabu ndogo

Kamati nyingi hupenda kuona tarakimu, nasi tunaziweka hapa kwa ufupi. Antena ya wima iliyokatwa kwa urefu wa robo ya wimbi ina ukinzani wa omu 36 hivi, na umeme unaotumika katika omu hizo ndio unaogeuka kuwa mawimbi. Kwa masafa ya megahezi 5, wimbi lina urefu wa mita 60, hivyo robo yake ni mita 15. Udongo nao una ukinzani wake, na wati zinazotumika katika udongo huishia kwenye joto.

Tuchukue mfano. Ikiwa udongo una omu 64, jumla ni 100. Kati ya kila wati 100 zinazotoka kwenye redio, ni 36 tu zinazorushwa, na 64 zinapasha udongo joto. Ukipunguza ukinzani wa udongo hadi omu 10, jumla inakuwa 46, na wati 78 zinarushwa. Redio ni ileile na betri ni zilezile, lakini kinachotoka kimezidi mara mbili.

Antena fupi zina hali ngumu zaidi. Fimbo ya mita 3 kama zile za kwenye Land Rover, ikitumika kwa megahezi 5, ina takriban omu 1 tu ya kurushia mawimbi. Koili yake na udongo vikichukua omu 49, jumla ni omu 50, nacho ndicho kiwango ambacho redio nyingi zimeundwa kukipenda. Mita ya fundi itaonyesha hali safi kabisa, hakuna umeme unaorudi nyuma. Kumbe wati 98 kati ya 100 zimekuwa joto!

Tunaomba kamati zizingatie jambo hilo. Mita ile ya kawaida inaonyesha kwamba redio imekubaliana na antena. Haionyeshi kwamba mawimbi yametoka. Wakati mwingine ukitengeneza ardhi vizuri mita hiyo inaonyesha hali mbaya kidogo kuliko mwanzo, ilhali hospitali wanasema sasa wanawasikia. Waaminini hospitali.

Dalili nyingine ni ile tuliyoiona mwaka 2004: "Tunawasikia, hawatusikii." Katika masafa haya, kelele za angani na sauti ya mwenzako hupunguzwa pamoja na antena mbovu, kwa hiyo unaendelea kusikia vizuri. Lakini unapoongea wewe, upotevu wote unakuangukia. Kituo kinachosikia wengine vizuri bila chenyewe kusikika, kabla ya kuomba redio kubwa, kitazame kwanza chini ya antena yake.

Nyaya kama spoku za baiskeli

Dawa yake imejulikana muda mrefu. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA ya Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa megahezi 3. Walitandaza nyaya za shaba kuanzia kwenye shina la antena kwenda pande zote, kama spoku za gurudumu la baiskeli. Walianza na nyaya 2, wakaongeza hadi 113, wakipima kila hatua. Nyaya zilipokuwa chache, nguvu nyingi ilipotea hata kama ni ndefu. Zilipokaribia 120, upotevu ulikuwa mdogo sana. Hadi leo vituo vya utangazaji vya masafa ya kati hujengwa kwa mfano huo.

Zahanati haihitaji nyaya 120. Kinachotakiwa ni kuupa umeme njia rahisi ya kurudi, hasa karibu na shina ambako umeme ni mwingi. Haba na haba hujaza kibaba: kwa waya uleule, nyaya nyingi fupi zinasaidia zaidi kuliko chache ndefu. Kwa megahezi 5, nyaya 24 za mita 7.5 kila moja ni jumla ya mita 180. Roli mbili za waya za mita 100 zinatosha, na unabaki kidogo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya pale kilimani. Washarika walikuja Jumamosi kwa kazi ya msaragambo, tukatandaza nyaya 24 juu ya mawe na ndani ya mifereji midogo, zote zikakutana kwenye shina la antena. Kisha tukafunga ile redio ya zamani ya wati 100. Hospitali walisema wanatusikia kama walivyokuwa wakiisikia redio kubwa siku betri zake zilipokuwa zimejaa. Kwa maneno mengine, roli mbili za waya zilifanya kazi ya redio yenye nguvu mara nne, bila kuongeza betri wala paneli. Niliona aibu kuiandika taarifa ya mradi huo, lakini niliiandika.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, tukichimba nondo hadi kwenye maji? Haisaidii kama inavyodhaniwa. Umeme wa redio hausafiri hadi chini ya kisima. Katika udongo wetu mkavu huzama mita chache tu, na unarudi kutoka pande zote za antena, si kutoka nukta moja. Lakini msiing'oe nondo ya ethi: kazi yake ni kulinda watu na vifaa dhidi ya radi, na kazi hiyo ni muhimu. Nondo ni ya radi, nyaya ni za mawimbi.

Je, tumwage maji ya chumvi? Huboresha udongo wa pale pale kwa muda, kisha mvua huiosha. Chumvi hula chuma na kuharibu ardhi. Hatushauri.

Je, nyaya zifukiwe kina gani? Sentimita chache, ili watu wasijikwae na jembe lisizikate. Kuzifukia sana hakuna faida. Waya wenye ganda la plastiki hufaa na hudumu.

Je, kama ni mwamba mtupu? Inueni nyaya. Nyaya 4 zenye urefu wa robo ya wimbi, zikining'inizwa mita 2.5 au 3 juu ya ardhi pamoja na shina la antena, zinaweza kufanya kazi ya nyingi zilizolala chini, kwa sababu umeme unarudi kupitia waya badala ya kupitia mwamba. Ziwe juu ya vichwa vya watu na mifugo, kwa kuwa ncha zake zina umeme mkali redio inapoongea.

Je, kuhusu wizi wa shaba? Ni tatizo la kweli. Vituo vilivyofukia nyaya na kuwashirikisha majirani tangu siku ya kazi havijapata shida kama vile vilivyoziacha wazi.

Kile ambacho waya hauwezi kurekebisha

Nyaya hurekebisha upotevu wa karibu na antena. Kuna upotevu mwingine wa mbali. Wimbi linaloondoka chinichini, karibu na usawa wa ardhi, hupita juu ya mamia ya mita za udongo nje ya uzio wenu, na ardhi kavu hulidhoofisha. Hakuna usharika wenye waya wa kutosha kutandaza hadi huko. Dawa pekee ni kuchagua mahali.

Hapa ndipo desturi yetu inapotupoteza. Kwa redio za FM na minara ya simu, kilima ni mahali bora, kwa kuwa mawimbi yake yanahitaji kuonana. Lakini kwa antena ya wima ya masafa mafupi, ukingo wa mbuga yenye unyevu mara nyingi ni bora kuliko kilele cha mwamba. Kamati zisichanganye mambo haya mawili.

Pia tuseme wazi kwamba antena ya wima si jibu la kila kituo. Antena hii hurusha pande zote lakini hairushi juu kabisa. Wimbi lake la ardhini huchoka mapema katika nchi kavu, na wimbi lake la angani hushuka mbali. Wazee wetu waliosikiliza Redio Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, iliyorusha matangazo kuanzia 1963 hadi ilipotaifishwa 1977, walipokea wimbi la namna hiyo, lililorudishwa na tabaka la juu la anga kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 1,500. Lakini kituo cha Dodoma kinachotaka kuongea na Mpwapwa, Kondoa, Manyoni au Singida kinahitaji wimbi linalopanda karibu wima na kushuka palepale jirani. Kazi hiyo hufanywa vizuri na waya wa mlalo, mita 28 au 29 kwa megahezi 5, uliofungwa katikati ya nguzo mbili au miti kwa kimo cha mita 6 hadi 10. Waya huo una nusu zake zote mbili hewani, hivyo hauhitaji nyaya za ardhini. Antena ya wima ibaki kwa magari, kwa mahali pasipo na nafasi, na kwa mawasiliano ya mbali sana.

Nini kifanyike

Simu za mkononi zimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na simu ya upepo, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo bado kuna vijiji visivyo na mtandao, na kuna siku ambazo mnara hukosa umeme. Kwa vituo vinavyoendelea kutumia redio, tunashauri yafuatayo kabla ya kuleta andiko la mradi:

1. Elezeni antena imesimama juu ya udongo gani, na ina nyaya ngapi ardhini.
2. Elezeni ni nani mnaowasikia, na ni nani wanaowasikia ninyi.
3. Taja umbali wa kituo mnachotaka kuongea nacho. Ukiwa chini ya kilomita 300, jaribuni kwanza waya wa mlalo.
4. Hakikisheni leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ni hai.
5. Kama bado mnahitaji nguvu zaidi, bajeti ya redio iambatane na bajeti ya betri na paneli.

Kwa wahisani wetu tuna ombi moja. Mnapopokea andiko lenye redio kubwa na lisilo na mita hata moja ya waya, tuulizeni swali lile aliloniuliza mzee yule: nusu nyingine ya antena iko wapi? Swali hilo lingeulizwa mwaka 2004, lingetugharimu roli mbili za waya na Jumamosi moja.

Mratibu wa Miradi
Dodoma